UNAUZA RANGI YA SAKAFU? SOMA HII KABLA MTEJA HAJAKURUDISHIA PICHA

Leo naongea na wanaouza vifaa vya ujenzi na urembo wa nyumba mtandaoni, hasa zile rangi za unga za kuchanganya na sementi (oksaidi).

Naanza na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza dada mmoja aliniuliza inboksi, "Kilo mbili zinatosha baraza langu?" Nikamjibu fasta, "Zinatosha kabisa dada." Sikuuliza baraza lina ukubwa gani wala fundi atatumia mifuko mingapi. Nilitaka kuuza tu. Fundi akamaliza pakiti yote kwenye mfuko wa kwanza, zikabaki mifuko miwili. Nikamtumia pakiti nyingine ya mzigo tofauti. Baraza likatoka rangi tatu: nyekundu, pinki na kitu kama udongo. Nilirudisha hela yote na bado mteja nikampoteza. Faida ya wiki nzima ilikwenda hapo.

Tangu siku hiyo nikaanza kukaa na mafundi na kuuliza. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. RANGI INAPIMWA KWA UZITO WA SEMENTI
Siyo kwa mchanga, siyo kwa ukubwa wa chumba. Kawaida ni asilimia 3 mpaka 5 ya uzito wa sementi. Mfuko wa kilo 50 unakula kilo 1.5 mpaka 2.5 za rangi. Mwisho kabisa ni asilimia 10, yaani kilo 5. Ukizidisha hapo rangi haikolei tena, unaidhoofisha sakafu tu na hela ya mteja inapotea.
Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni hili: "Fundi amesema tabaka la rangi litakula mifuko mingapi ya sementi?" Akisema 3, na mnataka kilo 2 kwa kila mfuko, ni kilo 6. Muuzie zote siku moja, kutoka mzigo mmoja.

2. MWAMBIE APIME KWA MIZANI
Kopo la nyekundu na kopo la njano hayana uzito sawa. Anayepima kwa kopo au kwa macho anapata mabaka. Mimi siku hizi nafunga pakiti kwa mfuko: pakiti moja, mfuko mmoja wa sementi. Fundi hana cha kukisia.

3. KAVU KWANZA, MAJI BAADAYE
Rangi, sementi na mchanga vichanganywe vikiwa vikavu mpaka visionekane vidoa. Ndipo maji yaingie, na maji yawe kiasi kilekile kila mchanganyiko. Maji yakizidi, rangi inapauka. Hapa ndipo wateja wengi wanasema "umeniuzia feki" kumbe ni ndoo ya fundi.

4. SEMENTI YA KIJIVU INAKULA RANGI
Nyekundu, kahawia na nyeusi zinakubali vizuri kwenye sementi ya kawaida. Njano au bluu inayong'aa inahitaji sementi nyeupe, la sivyo inatoka imefifia. Mwambie mapema, maana sementi nyeupe bei yake iko juu. Asije akajua baada ya kulipa.

5. WEUPE UNAOTOKEA JUU
Wiki chache baadaye mteja anapiga simu: "Rangi imechuja!" Mara nyingi haijachuja. Chokaa iliyomo ndani ya sementi huyeyuka kwenye maji, hupanda juu, kisha hukauka kama unga mweupe. Asugue kwa brashi kavu kwanza, kisha aoshe. Rangi iko chini pale pale. Na sakafu mpya itunzwe na unyevu kwa siku 7 hivi, isiachwe ikaushwe na jua.

6. SAKAFU YA ZAMANI NI HABARI NYINGINE
Unga huu hauwezi kuingia kwenye sakafu iliyokwisha kukauka. Huyo muuzie rangi ya kupaka ya sakafu, au afanye tabaka jipya. Kabla ya kupaka afanye majaribio mawili:
- Adondoshe maji. Yakibaki kama shanga bila kunyonywa, kuna mafuta au rangi ya zamani. Asafishe kwanza.
- Abandike kipande cha nailoni kwa gundi pande zote usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, sakafu bado ina unyevu na rangi itabanduka.
Zege jipya lisubiri siku 28. Na rangi ya mafuta isipakwe kwenye sementi mbichi, ile chokaa inaila mpaka inabanduka.

7. PICHA ZAKO ZISEME UKWELI
Sakafu iliyomwagiwa maji inaonekana imekolea sana. Ukiposti picha hiyo, umeahidi kitu ambacho mteja hatakipata. Mimi nimemwaga vigae vidogo kwenye vifuniko vya ndoo: kimoja kilo 1 kwa mfuko, kingine 2, kingine 3. Nikaviacha vikauke kabisa, nikavipiga picha mchana nje. Mteja anachagua kwa namba. Malalamiko yamepungua sana.

Usisahau kumkumbusha avae glavu na kufunika pua. Sementi mbichi inaunguza ngozi, na unga wa rangi haufai kuvutwa.

Ndugu zangu, huhitaji kuwa fundi ili uuze vitu vya fundi. Ila swali moja kabla ya kupokea hela linaokoa mengi. Yule dada alikuwa amejinyima kutengeneza baraza la mama yake, mimi nikaona kilo mbili tu. Ningemuuliza, ningeuza kilo sita, na leo angekuwa ananiletea majirani.

Weka maswali matatu haya kwenye majibu yako ya haraka: Sakafu mpya au ya zamani? Mifuko mingapi ya sementi? Rangi gani?

Wewe mteja aliwahi kukurudishia nini, na kosa lilikuwa la nani? Tuandikie kwenye komenti tujifunze wote.