Mtoto Asiyeweza Kutulia

Mama wa Birere, je, una mtoto asiyeweza kutulia? Ulimtuma kununua chumvi, akasahau njiani. Anakimbia barabarani kati ya chukudu na pikipiki. Mwalimu anaandika tena kwamba hasikii. Majirani wanasema ni mkaidi, na wengine wananong'ona juu ya uchawi. Neno hilo limewatoa watoto wengi nyumbani mwao! Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto hivyo.

Uko ugonjwa ambao waganga wa hospitali huuita kwa Kifaransa TDAH. Mtoto hushindwa kushika jambo moja akilini na kuuzuia mwili wake. Si kosa la mama, wala fimbo haiuponyi. Lakini usikimbilie jina hilo upesi. Mtoto mwenye masikio mabovu huonekana kama mkaidi. Asiyeona ubao huchoka, akaanza kucheza. Tena kuna kifafa kisichomwangusha mtu: mtoto hukodoa macho sekunde chache tu, kisha huendelea na kazi yake. Njaa, upungufu wa damu na kukosa usingizi huharibu usikivu vilevile. Na watoto wetu wamekimbia moto wa Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, wakasikia mabomu ya Januari 2025. Moyo wenye hofu hautulii darasani.

Kwa hiyo apimwe. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha TDAH. Mganga huijua kwa kuuliza na kutazama. Dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Akisumbua shuleni tu, shule nayo ichunguzwe.

Anza katika kituo cha afya: masikio, macho, damu. Kisha omba barua ya kwenda kwa wenye kujua magonjwa ya akili. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha Frères de la Charité. Usione haya kuingia mlangoni mwake. Si wote waendao huko ni wazimu. Chukua daftari za mtoto, karatasi za mitihani, na barua ya mwalimu. Zikiwa zimepotea katika kukimbia, mlete nyanya aliyemlea; maneno yake yana faida kuliko karatasi nyingi. Usinunue vidonge sokoni.

Mtu mzima naye aweza kupimwa. Mganga atamwuliza juu ya utoto wake, maana ugonjwa huu hauanzi ukubwani. Aende pamoja na mama yake au kaka yake.

Mkingali mnangoja siku ya kupimwa, mguse mtoto begani kabla ya kumtuma. Mpe agizo moja tu, alirudie kwa kinywa chake, ndipo aende. Akirudi na chumvi, msifu.