Tairi ya matope au tairi ya lami? Nilichojifunza kisha kumuangusha mtu



Wengi wetu tukimaliza masomo na kupata kazi, kitu cha kwanza tunachonunua si shamba wala kompyuta. Ni moto. Na sisi watu wa agronomie tuko mbele kwenye hiyo liste, juu shamba haliji ofisini. Kila mara nasikia mtu anauliza bei ya moto, mwaka wake, inakunywa mafuta kiasi gani. Sijasikia mtu anauliza: itakanyaga chini na nini? Mimi pia sikuuliza. Njo maana naandika leo.

Niko na Yamaha DT 125 ya zamani, ile yenye mashirika mengi yalikuwa yanatumia hapa kwetu Kivu. Nilinunua ikiwa imeshazunguka sana. Wakati ule nilikuwa nafuatilia mashamba ya viazi na maharage upande wa Walungu, nikitokea Bukavu. Wenye wanajua udongo wa kule hawana haja ya maelezo: mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Kila siku nilikuwa na woga wa matope tu. Basi nikaenda kutafuta tairi za cross, zenye meno marefu. Mpya zilikuwa bei. Nikachukua mbili za okazio, dola 12 kila moja, meno yake bado mazima kama yametoka jana dukani. Nilijiona mjanja.

Wiki ya tatu, jioni moja, tulikuwa tunarudi na manyunyu yanaanguka. Nyuma nilikuwa nimebeba mdogo wetu mmoja aliyekuwa stajieri. Matope yote tulishayapita salama. Tuko sasa kwenye lami, mteremko wa kuingia mjini, mwendo wa 50 hivi. Mtoto wa shule akakata barabara. Nikashika breki ya mbele. Gurudumu la mbele likaondoka chini yetu kama mtu amelivuta kwa kamba.

Mtoto hakuguswa, Mungu asifiwe. Mimi nilichubuka magoti. Lakini stajieri alivunjika kifundo cha mkono wa kuume, na ilikuwa ni mwezi wa kuandika TFC yake. Wiki sita mkono ndani ya plasta.

Kesho yake nikapeleka moto kwa kwado. Mzee akapitisha kidole ubavuni mwa tairi, akacheka kidogo bila furaha: «Agronome, hii pneu ilishakufa zamani. Haukuangalia tarehe?» Mimi mwenye licence, sikujua kama tairi iko na tarehe.

Tangu siku ile nilisoma, niliuliza, nilipima. Haya ndiyo niliyopata.

Unasimama juu ya nini?

Tufanye hesabu ndogo. Moto kama yangu pamoja na watu wawili ni karibu kilo 250. Tuseme gurudumu la mbele linabeba kilo 100, la nyuma 150. Hewa ndani ya tairi ya mbele ni bar 1.6. Bar moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya 100 kwa 1.6, unapata sentimita za mraba karibu 62. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya simu yako. Maisha yako, ya abiria wako, na ya mtoto mwenye anakata barabara, yote yanashikiliwa na kipande hicho.

Sasa, kipande hicho kinashika namna gani? Inategemea chini kuko nini.

Kwenye lami kavu, mpira wenyewe ndio unashika. Unajiminya ndani ya vishimo vidogo vya lami na kung'ang'ania. Mpira mwingi ukigusa, unashika vizuri. Njo maana kwenye mbio za magari, siku ya jua, wanaweka tairi bila mstari hata mmoja, laini kama kichwa cha kipara. Mvua ikianza wanabadilisha, juu maji yanahitaji njia ya kutokea. Yakikosa njia, mpira unaelea juu yake. Tena mpira ule wa mbio ni laini sana, unataka joto ndiyo ushike, na unaisha haraka. Watu wa Ulaya wenye magari ya zamani ya spoti, wanaopenda kuyapeleka uwanjani wikendi, wengine wanakuwa na magurudumu ya aina mbili: ya kutembelea mjini, na ya mbio. Sisi hatuna bahati hiyo. Tairi ni zile zile, na kwa siku moja tunapita lami, barabara ya vumbi na matope.

Kwenye matope, hesabu inabadilika. Hapo chenye kinavunjika si mpira, ni udongo. Wenzangu wa agronomie mnakumbuka kozi ya udongo: udongo wa mfinyanzi ukipata maji kidogo unashikamana, ukipata mengi unapoteza nguvu na kuanza kuteleza wenyewe juu yake wenyewe. Tairi ya lami ikiingia pale, mistari yake midogo inajaa udongo kwa sekunde, na kisha hapo unatembea na duara la matope. Tairi ya meno inafanya kazi kama jembe: inapenya ile sabuni ya juu, inatafuta udongo mgumu wa chini, na nafasi kubwa kati ya meno zinasaidia udongo kuruka nje gurudumu likizunguka. Ni kanuni ile ile ya tairi za nyuma za trakta.

Lakini chukua tairi hiyo ya meno uirudishe kwenye lami. Katika kile kipande cha nusu simu, sehemu kubwa ni nafasi tupu. Vichwa vya meno peke yake ndivyo vinagusa. Ukishika breki, meno marefu yanapinda kama kifutio cha kalamu. Lami ikiwa na maji, ni mbaya zaidi. Ndivyo nilivyoanguka: si kwa matope niliyoyaogopa, ni kwa lami niliyoidharau.

Tairi inazeeka hata kama haitembei

Hapa nilipata aibu mara mbili, juu mpira ni mmea, na mmea ni kazi yangu. Mpira wa asili unatoka kwa mti, hevea, wenye asili yake Amazonia. Unachanja ganda, maziwa yanatoka. Yakiachwa hivyo, mpira unakuwa laini kwenye joto na kuvunjika kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alipata kwamba ukiupika pamoja na kiberiti, ule unga wa manjano, unakuwa imara na unaweza kujinyoosha na kurudi. Mwaka 1888 Dunlop akatengeneza tairi ya hewa ya baiskeli, na dunia nzima ikataka mpira. Tunajua ni nani alilipa ile bei: babu zetu, chini ya Léopold II, waliotumwa porini kwa nguvu kukamua mpira wa kamba za msituni, na wengine wakakatwa mikono. Mimi siwezi tena kuangalia tairi kama kitu cha bure.

Tairi ya leo inachanganya mpira wa asili, mpira wa kiwandani, na unga mweusi wa kaboni wenye unaipa nguvu na kuikinga na jua. Ndani mna pia nta yenye inatoka polepole juu ya uso tairi ikiwa inatembea, ili kuzuia hewa yenye ozoni isiile. Tairi ikikaa miaka mingi bila kutembea, ile kinga haifiki juu vizuri. Mpira unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka vidogo vidogo. Meno yanaweza kuwa marefu kabisa, na bado mpira umekufa. Hivi ndivyo zilivyokuwa zangu: miaka 11. Meno yalikuwa mapya kwa sababu hakuna aliyezitumia.

Soma ubavu mbele ya kutoa pesa

Usikubali muuzaji akuharakishe. Kamata tairi, tafuta mambo haya:

1. Kipimo. Moto yangu inavaa 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu, zote kwa inchi. Ukiona 90/90-21, hiyo ni upana wa milimita 90, urefu wa ubavu ni asilimia 90 ya upana, rimu inchi 21. Rimu haina mjadala: ya 18 haiingii kwa 17.

2. Mzigo na mwendo. Ukiona 45P, maana yake tairi inabeba mpaka kilo 165, na P ni mwendo wa mwisho wa kilomita 150 kwa saa. Kwetu mwendo si shida. Shida ni mzigo: abiria wawili na gunia la viazi. Angalia namba, usiangalie herufi peke yake.

3. Tarehe. Tafuta neno DOT na namba nne za mwisho. 3212 ni wiki ya 32 ya mwaka 2012. Ukikuta namba tatu tu, iache pale pale: ni ya mbele ya mwaka 2000.

4. Mshale. Tairi nyingi ziko na mshale wa upande wa kuzunguka. Ambia kwado aufuate.

5. Ukucha. Bonyeza mpira kwa ukucha, kisha pinda ubavu. Kama ukucha hauingii hata kidogo, kama ni kubonyeza plastiki ya ndoo, na ukiona mipasuko midogo kama ya udongo wa kiangazi, rudisha. Hata wakikupa bure.

Chagua kwa kuhesabu, si kwa kuogopa

Nilichukua kadaftari kangu ka shamba, nikaandika kilomita zote za wiki moja. Jumla 210: lami 120, barabara ya vumbi ngumu 65, matope ya kweli 25. Mimi nilikuwa nimenunua tairi kwa ajili ya kilomita 25!

Kisha nikafanya hesabu ya pili. Kwenye matope naenda 15 kwa saa. Kwenye lami naenda 60. Mwendo ni mara nne, lakini nguvu ya kugonga inakua kwa mraba: mara 16. Kuanguka kwenye matope, unasimama, unafua suruali. Kuanguka kwenye lami, unajua. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe «ni wapi naogopa?» Liwe «ni wapi nikianguka nitaumia, na kuumiza mwingine?»

Jibu langu lilikuwa tairi za katikati, wanaziita mixte: vipande vipana, vimekaribiana katikati kwa ajili ya lami, na nafasi kidogo pembeni kwa ajili ya udongo. Mpya, dola 38 kila moja. Kwenye matope makubwa nateleza kuliko zamani, ndiyo. Nashuka, nasukuma. Kama wewe kazi yako yote ni porini na lami unaiona siku ya mshahara tu, chukua ya meno, lakini ukifika kwenye lami punguza mwendo kabisa. Motari wa mjini, meno hayana faida kwako. Na ndugu zangu wa Goma, mawe yenu ya volkeno yanakata: tafuteni tairi yenye ubavu mnene, msitembee na hewa kidogo.

Pesa ikitosha tairi moja tu, iweke mbele. Nyuma ikiteleza, mara nyingi unaweza kuikamata. Mbele ikiteleza, umeshafika chini. Na tairi mpya iko na uso wa kuteleza: kilomita 100 za kwanza, pole pole.

Hewa ni bure, lakini hatuipimi

Kidole gumba si kipimo. Nunua manometa ndogo, pima asubuhi mbele ya kutembea, juu joto likiongezeka digrii 10 hewa inapanda karibu bar 0.1. Fuata kitabu cha moto yako. Mimi naweka 1.6 mbele, 1.9 nyuma, na 2.2 nyuma nikibeba mtu. Kwenye matope napunguza mpaka 1.3 ili tairi ijipanue, lakini pampu ya mguu iko daima kwenye mfuko, na narudisha hewa mbele ya kugusa lami. Ukishusha zaidi, tairi inazunguka peke yake juu ya rimu na kukata mdomo wa mpira wa ndani.

Mdogo wetu yule alimaliza TFC yake, alichelewa sesheni moja. Mkono ukiwa kwenye plasta, alikuwa anasema na mimi naandika kwenye kompyuta, jioni kisha kazi, kurasa zote. Hakuwahi kunilaumu. Mama yake peke yake ndiye aliniuliza siku moja, kwa sauti ya chini: «Mwanangu, ulikuwa unamubeba na mupira wa namna gani?»

Sikuwa na jibu. Tofauti kati ya tairi zangu za okazio na mpya ilikuwa dola 52 kwa zote mbili. Leo nikibeba mtu, naangalia kwanza ubavu wa tairi, kisha naangalia uso wake.