Jembe, Sala na Mboga ya Kijitoni: Familia ya Wahamiaji Katika Sinema

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu wa wahenga ungefaa kuwa jina la pili la sinema iitwayo Minari, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Sinema hiyo yasimulia jinsi familia moja ya Kikorea ilivyohamia mashambani katika jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, katika miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mwenyeji wa kuwapa jembe, walilishika wenyewe.

Aliyeitunga na kuiongoza ni Bwana Lee Isaac Chung, aliyezaliwa mjini Denver mwaka 1978, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea ya Kusini. Alikulia katika shamba dogo huko Lincoln, Arkansas. Kwa miaka mingi sheria za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango watu wa Asia, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipoufungua. Kufikia miaka ya 1980, Wakorea zaidi ya 30,000 walikuwa wakiingia nchini humo kila mwaka, na wengi wao walikaa mijini. Baba yake Chung alitaka ardhi.

Katika sinema, baba huyo aitwa Jacob. Anampeleka mkewe, Monica, na watoto wao wawili katika nyumba ya magurudumu iliyo katikati ya majani, mbali na hospitali, ingawa mtoto wao wa kiume, David, ana ugonjwa wa moyo. Mchana mume na mke wanafanya kazi ya kutenganisha vifaranga vya kike na vya kiume. Baada ya kazi Jacob analima mboga za Kikorea. Kisima kinakauka, fedha zinakwisha, na ugomvi unaingia nyumbani. Ndipo anapofika bibi, mama yake Monica, akiwa amebeba unga wa pilipili, dagaa wakavu na mbegu za minari, mboga ya majani ipendayo maji. Anazipanda kando ya kijito, akisema kwamba mboga hiyo huota popote, na huliwa na tajiri na maskini.

Bibi huyo alitoka katika maisha ya kweli. Bibi yake Chung alifiwa na mumewe katika vita vya Korea, vilivyopiganwa toka mwaka 1950 hadi 1953, akamlea binti yake peke yake kwa kuchimba kombe katika matope ya pwani. Miaka mingi baadaye, Chung alipokuwa mwalimu huko Incheon, dirisha la ofisi yake lilitazama matope ya pwani.

Jambo la kupendeza kwa wasomaji wa eneo letu ni kwamba safari ya Chung katika sinema ndefu ilianzia Rwanda. Alikwenda huko pamoja na mkewe, aliyekuwa akijitolea katika kazi ya misheni ya Kikristo, akawafundisha vijana kutengeneza sinema. Kwa msaada wa wanafunzi hao, na waigizaji wasio wa kazi hiyo, alitengeneza Munyurangabo kwa lugha ya Kinyarwanda. Ni hadithi ya marafiki wawili, mmoja Mhutu na mwingine Mtutsi, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2007. Hata hivyo, miaka iliyofuata haikuwa rahisi, na mwaka 2018 Chung alikaribia kuiacha kazi hiyo. Kabla ya kukata tamaa, aliketi akaandika kumbukumbu 80 za utoto wake. Kutokana na orodha hiyo ikatoka Minari.

Imani ya Kikristo imo ndani ya hadithi, lakini haihubiriwi. Monica anatamani kanisa. Jacob anategemea akili na nguvu zake. Msaidizi wao shambani ni Paul, askari wa zamani aliyepigana Korea, ambaye kila Jumapili hubeba msalaba mkubwa barabarani. Watoto wa mji wanamcheka, lakini sinema haimcheki. Sala za Paul hazizuii balaa: bibi anapata kiharusi, na siku moja moto anaouwasha kuchoma takataka unateketeza banda lenye mavuno yote. Mume na mke, ambao walikuwa wamekwisha kuamua kutengana, wanaingia pamoja katika moshi kuokoa mboga, kisha wanaacha mboga na kuokoana. Bibi anapoondoka gizani kwa aibu, David, aliyekatazwa kukimbia kwa ajili ya moyo wake, anamkimbilia na kumrudisha nyumbani.

Kuyaweka hadharani magomvi ya wazazi si jambo dogo kwa mtoto aliyelelewa kwa heshima. Chung aliwaficha wazazi wake kazi hiyo mpaka upigaji picha ulipokwisha, akihofu watakavyoipokea. Walipoitazama, hofu ikawa machozi na upatanisho.

Dunia nayo iliipokea. Mwezi Februari 2020, katika tamasha la Sundance, ilipata tuzo kuu ya majaji na tuzo ya watazamaji, ingawa sehemu kubwa yasemwa kwa Kikorea. Mwezi Aprili 2021, Bibi Youn Yuh-jung, aliyeigiza bibi akiwa na umri uliopita miaka 70, alipata tuzo ya Oscar, akawa Mkorea wa kwanza kuipata kwa uigizaji.

Familia za askari zinajua maana ya kufungasha vyombo kwa barua ya uhamisho, kufika ugenini, na kuanza upya penye kanisa au msikiti wasiojulikana. Ni vyema wazee wakaulizwa, wangali hai, walilima nini, waliomba nini, na nini kiliwashikamanisha. Katika nyumba ya Jacob, banda liliungua, lakini mboga aliyoipanda bibi kijitoni ilikuwa imestawi bila kutunzwa na mtu. Baba na mwana wakaenda kuivuna.