Kutembea Ugenini kwa Fedha Chache

Liko wazo lililokaa vichwani mwa watu wengi, nalo ni kwamba kwenda nchi za nje ni jambo la wakubwa wenye posho ya serikali, la wafanyabiashara wenye mitaji, na la vijana wa Kizungu tuwaonao wakipita na mizigo mikubwa migongoni. Mkulima wa Nkololo, wilayani Bariadi, akisha kuuza pamba yake, huambiwa kwamba fedha ile ina njia tatu tu: ng'ombe, mabati na ada za watoto. Akisema kwamba ataka kutenga sehemu ndogo akaione nchi ya jirani, watu humtazama kana kwamba ameingiwa na wazimu. Sisi hatukubaliani na wazo hilo. Lakini hatukubaliani vilevile na kijana anayejitosa njiani na noti mbili mfukoni, akidhani kwamba ujasiri waweza kushika mahali pa hesabu. Kusafiri kwa fedha chache kwawezekana, na kwafaa. Illa kuna masharti yake, na mwenye kuyadharau huyalipia kwa bei kubwa.

Kwanza tukumbushane kwamba jambo hili si geni Usukumani. Kabla ya reli na motokaa, vijana wa nchi hii walikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, wakarudi nayo kwao. Katika karne ya 19 Wasukuma, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walikuwa mashuhuri kwa upagazi, wakishuka na misafara hata pwani na kupanda tena bara. Watu hao hawakuwa na fedha za kutapanya. Walikuwa na chakula cha kuhesabu, wenzi wa kutembea nao, nyimbo za kupunguza uzito wa mzigo, na utaratibu uliojulikana na kila mmoja wao. Kwa Wanyamwezi ilisemwa kwamba kijana asiyefika pwani hajawa mtu mzima. Basi anayedai leo kwamba safari si desturi ya mkulima, adai bila kuwauliza babu zake.

Wazungu nao hawakuzaliwa wakijua kusafiri kwa gharama ndogo, walijifunza. Katika Ujerumani mwalimu mmoja, Richard Schirrmann, aliwaona wanafunzi wake wakikosa pa kulala katika matembezi yao, akaazimia kuwatafutia malazi ya bei nafuu. Mwaka 1912 bweni la vijana likafunguliwa katika ngome ya kale ya Altena, na mabweni ya namna hiyo yakaenea katika nchi nyingi. Mwaka 1957 Mmarekani Arthur Frommer, aliyekuwa askari katika Ujerumani, alitoa kitabu kiitwacho Europe on 5 Dollars a Day, akiwaonyesha watu wa kawaida jinsi ya kuizunguka Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Wasomaji wasidanganywe na tarakimu hiyo, maana dola 5 za mwaka ule zilinunua vitu vingi kupita dola 5 za leo. Tuchukue shauri lililokuwa ndani yake: lala wanapolala watu wa kawaida, kula wanachokula, panda wanachopanda, na yote uyajue kabla ya kutoka nyumbani.

Hapa kwetu Afrika tunao mfano ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1958 kijana wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, jina lake Legson Kayira, alitoka kijijini kwao kwa miguu akitaka kwenda kusoma Marekani. Alichukua chakula cha siku 5, shoka ndogo na vitabu viwili. Alivuka Tanganyika, akafika Uganda, akaendelea hadi Khartoum katika Sudan. Njiani alifanya vibarua ili apate kula, akapumzika, akaendelea. Kutoka Khartoum alipata msaada wa kufika Marekani, na Desemba 1960 akawasili katika chuo cha Skagit Valley katika jimbo la Washington. Baadaye alisoma Cambridge pia, akawa mwandishi wa vitabu. Habari zake hutiwa chumvi mara nyingi na wale wapendao kuwaambia vijana kwamba nia pekee yatosha. Lakini atazame mtu vizuri: safari ile ilikula zaidi ya miaka miwili. Asiye na fedha hulipa kwa siku zake na kwa jasho lake. Hapana safari ya bure.

Tena vibarua vile vya njiani, vilivyomwokoa Kayira, leo haviruhusiwi kwa mgeni asiye na kibali cha kazi. Kwa hiyo msafiri wa siku hizi hawezi kufuata nyayo zake zote. Ana, hata hivyo, haki ambayo Kayira hakuwa nayo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mapatano hayo raia wa Tanzania huingia Kenya au Uganda bila kulipia viza, na aweza kupewa ruhusa ya kukaa hata miezi 6. Wenye umri wanakumbuka kwamba mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Ni vibaya mlango uliofungwa miaka ile yote, na sasa u wazi, upitwe na malori tu, hali mkulima amesimama mbali akidhani kwamba haumhusu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Twashauri fedha za safari zigawanywe mafungu matatu kabla ya mtu kufunga mzigo. Fungu la kwanza ni la hati. Pasipoti ya kielektroniki ilipoanza nchini mwaka 2018, ada yake iliwekwa shilingi 150,000, nayo hudumu miaka 10. Ukigawanya, ni shilingi 15,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 41 kwa siku. Nani awezaye kusema kwamba hizo ni nyingi kwa kitu kitakachomtambulisha mbele ya kila askari wa mpakani? Pamoja na pasipoti iwepo kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kukubaliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 cheti chake hutumika maisha yote. Asiende mtu kuchomwa jioni akitarajia kuvuka asubuhi.

Fungu la pili ni nauli, ya kwenda na ya kurudi, pamoja na akiba ya maradhi au msiba. Sehemu ya kurudi na ya akiba isiguswe hata kwa njaa. Ishonwe ndani ya nguo au iwekwe katika simu kwa namba ya siri, lakini isichanganywe na fedha ya matumizi. Fungu la tatu ndilo la siku, na hapo ndipo wengi huenda mrama: huchagua siku kwanza, kisha hutafuta fedha. Njia sahihi ni kinyume chake. Tuseme kwa mfano tu kwamba kijana amebakiwa na shilingi 400,000 baada ya kulipia hati. Nauli zote akazitengea 160,000, akiba 80,000, akabakiwa na 160,000. Akijiwekea shilingi 20,000 kwa siku, safari yake ni ya siku 8. Siku ya tisa si yake. Akitaka siku 16, na ajiulize kwanza kama aweza kweli kuishi kwa 10,000 bila kumwomba mtu.

Ama kwa njia, Nkololo haiko mbali na ugeni kama watu wanavyodhani. Kutoka Bariadi barabara yakufikisha Lamadi, katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Hapo wapita Bunda na Tarime, wafika Sirari, nawe umo mpakani. Ng'ambo ni Isebania, kisha Migori, kisha Kisumu, mji ambao reli ya kutoka Mombasa iliufikia mwaka 1901. Mwenye siku zaidi aweza kuendelea hadi Busia, akagongewa muhuri wa Uganda, akafika Jinja. Huko Mto Naili hutoka katika ziwa. Tena maji ya Mto Simiyu huingia katika ziwa hilohilo, katika Ghuba ya Speke. Kwa hiyo mvua iliyonyesha Bariadi ina njia ya kufika Misri. Mtoto akisomeshwa habari hiyo darasani huisahau baada ya mtihani. Baba yake akisimama ukingoni Jinja hataisahau, naye ataisimulia. Na kwa mkulima wa pamba iko sababu nyingine: Jinja ni mji uliojengewa kiwanda kikubwa cha nguo katika miaka ya 1950, baada ya bwawa la umeme la Owen Falls. Aone mwenyewe nyuzi zinakwenda wapi zikitoka shambani.

Chakula hakitamtisha. Dagaa wa kwetu Kenya huitwa omena, na Uganda huitwa mukene. Ni samaki yuleyule wa ziwa lilelile. Mboga ya watu wa kawaida huko Kenya huitwa sukuma wiki, yaani ya kusukumia juma mpaka mshahara ufike, na Msukuma asiyecheka kwa jina hilo hana moyo wa safari. Afikapo mji mpya afike kabla jua halijatua, apate kuchagua chumba kwa macho yake. Kwa chumba twasema neno moja la mkazo, hasa kwa binti zetu, ambao nao wana haki ya kuona dunia: punguza nyama, punguza soda, punguza hata siku, lakini usipunguze mlango unaofungika.

Liko na jambo la heshima, nalo halisemwi sana. Fedha chache za msafiri zisiwe mzigo wa mwenyeji. Katika miaka ya 2010 watu wa nchi kadhaa za Asia walilalamika juu ya vijana wageni, kutoka nchi tajiri, waliokaa kando ya barabara wakiomba fedha za kuendeleza matembezi yao kwa watu maskini kupita wao. Hiyo ni aibu. Wahenga wetu walikwisha kuiwekea kanuni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye ndugu au rafiki Kisumu na afike kwake akiwa na kitu mkononi, ashike ufagio au ateke maji, na aondoke kabla ya kutazamwa kwa jicho la pembeni. Na mama auzaye ndizi mpakani asibishaniwe shilingi 10 na mtu aliyekuja kutembea, hali yeye yuko kazini.

Mwisho twapenda kusema na wale wanaovuka kwa njia za panya. Wapo wanaodhani kwamba kuikwepa ofisi ya Uhamiaji ni kuweka akiba. Mtu asiye na hati akiibiwa hathubutu kwenda polisi; akiugua huogopa hospitali; akifanyishwa kazi bila ujira hana pa kushtaki. Madalali wanaoahidi kazi ng'ambo kwa "nauli tutakulipia" humtafuta mtu wa namna hiyo hasa, kwa kuwa hana nauli ya kurudi. Ndiyo maana tumeliweka fungu la kurudi juu ya chakula. Awezaye kurudi nyumbani siku yoyote apendayo ni msafiri. Asiyeweza yu mikononi mwa mwingine.

Wazee watauliza, ng'ombe je? Twawajibu kwa heshima kwamba hatumwambii mtu auze ng'ombe akatembee. Twasema kwamba katika msimu mmoja wa mauzo ya pamba mtu aweza kulipia hati, na katika msimu wa pili akaenda siku 8 akarudi. Atarudi akiwa amezoea kubadili fedha bila kupunjwa, akijua bei za mazao ya jirani, na jinsi watu wengine wanavyolima, wanavyojenga na wanavyojadiliana na wakubwa wao. Mambo hayo huletwa kijijini na mtu aliyeyaona, akayaeleza jioni kwa wenzake. Basi ndugu wa Nkololo mwenye nia hiyo na aanze na ofisi ya Uhamiaji, wakati mauzo yangali yakiendelea na fedha haijatafutiwa kazi nyingine.