Jezi inavyouza: Somo la Simba na Azam kwa wajasiriamali wa Ndama

SIKU ya dabi ya Kariakoo hakuna mtu Ndama anayehitaji kuambiwa mechi inaonyeshwa wapi. Tangu asubuhi mwenye kibanda umiza kashatoa ubao wake nje, kaandika kwa chaki: Simba na Yanga, saa ya kuanza, kiingilio. Jioni mabenchi yamejaa na waliochelewa wanachungulia dirishani.

Hatua chache kutoka hapo kuna mama anayeuza kahawa aliyoikaanga na kuisaga mwenyewe. Harufu yake inafika barabarani. Lakini ipo kwenye mfuko wa kaki usio na jina wala namba ya simu. Mpita njia akiipenda leo, mwezi ujao hatajua aulizie kahawa ya nani.

Mwenye kibanda anauza mpira wa watu wengine, tena unaochezwa Dar es Salaam, na anajaza. Mama anauza kitu chake mwenyewe na anasubiri mteja wa bahati. Tofauti yao ni jina. Ndivyo ilivyo katika kata hii ya Wilaya ya Karagwe, na ndivyo ilivyo kwenye senta nyingi za Mkoa wa Kagera.

Ajabu ni kwamba somo la namna ya kujenga jina linaonyeshwa bure kila wikiendi kwenye runinga ileile ya kibanda umiza.

KIFUA CHA MNYAMA

Mwaka 2017 Simba ilisaini mkataba wa udhamini na SportPesa wa miaka mitano, thamani yake ikiwa karibu Sh5 bilioni. Mwaka 2022 nafasi hiyohiyo ya kifuani ikachukuliwa na M-Bet kwa Sh26 bilioni, nayo kwa miaka mitano. Jezi ni nyekundu ileile, klabu ni ileile ya Msimbazi.

Kilichobadilika ni kazi ya uwanjani. Katikati ya mikataba hiyo miwili Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili, msimu wa 2018/19 na wa 2020/21. Jina likaanza kusikika nje ya mipaka na bei ikapanda. Hakuna mbinu ya matangazo ingeleta mkwanja huo kama timu ingekuwa inafungwa kila wiki.

Kuna jambo la pili. Kwa miaka mingi jezi za Simba na Yanga ziliuzwa Kariakoo na yeyote mwenye mashine ya kuchapa, na klabu zenyewe zilipata kiduchu. Zilipoamua kumpa kazi hiyo mtu mmoja kwa mkataba, hesabu zikageuka. Yanga ikawa na GSM. Simba mwaka 2021 ikaingia na Vunjabei kwa Sh2 bilioni za miaka miwili, na mwaka 2025 ikasaini na Jayrutty kwa Sh38 bilioni za miaka mitano.

Jezi feki bado zipo, hilo halijaisha. Lakini klabu imejua kwamba jina ni mali, na mali isiyo na hati kila mtu anaichuma.

AZAM ILIANZIA CHINI

Mjasiriamali wa Ndama anaweza kusema Simba na Yanga ni za miaka ya 1930, zimeanza zamani mno. Sawa, amtazame Said Salim Bakhresa. Aliacha shule akiwa kijana mdogo, akauza viazi, kisha miaka ya 1970 akafungua mgahawa. Leo jina la Azam liko kwenye unga, juisi, aiskrimu, boti na televisheni.

Timu nayo ilianza mwaka 2004 kama ya wafanyakazi wa kampuni. Ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikatwaa ubingwa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi, na mwaka 2015 ikabeba Kombe la Kagame. Mtoto anayelamba aiskrimu na shabiki anayeingia Chamazi wanakutana na jina lilelile. Bidhaa ni nyingi, jina ni moja, na kila bidhaa inaitangaza mwenzake.

Kagera nayo inalijua hilo. Kwa miaka mingi kila kipindi cha michezo kilitaja Kagera Sugar, Wanankurukumbi wa Kaitaba, na kila walipotajwa kiwanda cha sukari cha Misenyi kilitajwa bila kulipia tangazo. Iliposhuka daraja msimu wa 2024/25, maumivu hayakuwa ya mashabiki tu. Jina la mkoa lilitoka kwenye ratiba ya Ligi Kuu.

KAHAWA INAYOVAA JEZI YA WENGINE

Hapa ndipo mambo yanapouma. Karagwe ni nchi ya kahawa, hasa robusta. Lakini wakulima wengi wanaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje mbichi mtini kwa sababu ada ya mtoto au matibabu hayasubiri mavuno. Mnunuzi anatoa hela kidogo leo, na msimu ukifika anachukua mzigo wote. Kahawa nyingine huvuka kwa magendo kwenda Uganda, na ikishafika huko inaingia sokoni kama kahawa ya Uganda.

Kwa lugha ya mpira, huyo ni kinda aliyelelewa Ndama, akauzwa kabla hajakomaa, kisha akang'ara na jezi ya timu nyingine.

Kwenye soka FIFA imeweka utaratibu wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kimataifa akiwa ndani ya mkataba, asilimia tano ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ila sharti ni moja: klabu iwe imesajiliwa na mchezaji awe na kumbukumbu zake. Timu ya mtaani isiyo na karatasi yoyote haipati hata senti, hata kama kila mtu kijijini anajua dogo alianzia pale.

Kahawa hali ni hiyohiyo. Ushahidi kwamba inawezekana upo jirani tu. Kiwanda cha Tanica cha Bukoba kimeitoa kahawa ya mkoa huu ikiwa na jina la Africafé, na kopo lake linajulikana mbali. Hapo Karagwe chama kikuu cha ushirika, KDCU, kinakusanya kahawa ya wakulima na kuiuza kwa jina lake, ikiwemo ya kilimo hai. Anayeuza kupitia jina linalojulikana ana mahali pa kusimama anapojadili bei. Mwenye butura hana.

MSAADA UPO, ILA UNA MILIMA YAKE

Hatua ya kwanza ni usajili wa jina la biashara Brela, ambao sasa unafanyika kwa mtandao. Lakini wengi hawajui kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Jina linamtambulisha mwenye shughuli. Alama ndiyo inayomzuia mwingine kuiga nembo yako kwenye bidhaa kama zako. Ikisajiliwa inalindwa kwa miaka saba, kisha unaihuisha kwa miaka kumi kumi.

Sido, iliyoanzishwa mwaka 1973, inafundisha usindikaji na ufungashaji. Barua yake ya utambulisho ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS ili apate alama ya ubora bila kubeba gharama zote za mwanzo.

Mlima ni umbali. Ofisi ya Sido ya mkoa iko Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga. Kwa mama anayetegemea mauzo ya siku, safari hiyo ni nauli pamoja na siku nzima ya kibanda kufungwa. Ndiyo maana maofisa wa maendeleo ya jamii na wa biashara wa halmashauri wanatakiwa kuwa kama maskauti, wafuate vipaji viliko.

Mtaji nao una njia yake. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Timu ya vijana yenye mradi wa kweli na usajili wa kikundi inaweza kuomba, badala ya kusubiri mgombea aje na mipira wakati wa uchaguzi.

MDHAMINI WA MTAA

Angalia mechi yoyote ya kombe la mbuzi. Nusu ya wachezaji wamevaa jezi za mitumba za Arsenal au Real Madrid, kifuani zimeandikwa Emirates. Vijana wa Karagwe wanalitangazia bure shirika la ndege la Dubai, na wengi wao hawajawahi kupanda ndege yoyote.

Kifua hicho kingeweza kubeba jina la fundi cherehani wa hapohapo, mwenye saluni, muuza asali au mama wa kahawa. Wajasiriamali watano wakichanga, seti moja ya jezi inapatikana. Watazamaji wanaozunguka uwanja ndio wateja wao wa kesho, na redio za Karagwe kama Fadeco zikisoma matokeo, jina nalo linasomwa.

Ila mambo yaanze na jina. Wakati wa mapumziko jamaa mwenye kipaza sauti hushukuru wafadhili mmoja mmoja, na hawezi kumtaja mwenye mfuko mtupu wa kaki.