Chapisha Frere Town, si Ng'ambo ya Daraja
Afisa wa Frere Town anapotumia seva iliyoko kisiwani, programu huendeshwa huko. Kwake hufika picha ya skrini tu. Asipoelekeza printa, kibali cha mwananchi anayesubiri mbele yake huenda kikatoka ng'ambo ya Daraja la Nyali, kikasomwa na asiyehusika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka taarifa hizo zilindwe.

Kabla ya kuunganisha, fungua mipangilio ya muunganisho, uweke alama kwenye printa. Ukishaingia, hakikisha jina la printa yako limeonekana, kisha chapisha ukurasa wa majaribio. Tangu Windows Server 2008, Easy Print huiwezesha seva kutumia printa yako bila kuwekewa programu yake. Isipoonekana, mjulishe afisa wa TEHAMA.