Mzigo Ukae Wapi kwenye Keria

Gunia la mahindi la kilo 50 lililokaa vibaya kwenye baiskeli linasumbua kuliko madumu manne ya maji yaliyokaa vizuri, ingawa madumu hayo ya lita 20 yakijaa yanapita kilo 80.

Chukua Phoenix ya kawaida, ile ya tairi za inchi 28. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele kuna kama sentimita 115. Gunia likikaa nyuma mno, katikati yake ikapita ekseli ya nyuma kwa sentimita 25, gurudumu la mbele linapunguziwa karibu kilo 11. Kilo hizo ndizo zinazolifanya tairi lishike barabara. Zikipungua, kwenye tambarare usukani unakuwa mwepesi na kuyumbayumba, na kwenye mwinuko gurudumu linaanza kunyanyuka. Dawa yake ni kulisogeza gunia mbele hadi liguse siti. Madumu hayana shida hiyo kwa sababu huning'inizwa pande mbili, chini, jirani na ekseli yenyewe. Ila yajae kabisa: dumu la nusu linachezesha maji, na maji yakicheza baiskeli nayo inacheza.

Mwaka 1954, kwenye mapigano ya Dien Bien Phu, Wavietnam walipeleka chakula na silaha milimani kwa baiskeli zilizobeba kilo 200 na zaidi. Hakuna aliyepanda. Mizigo ilifungwa kwenye fremu, katikati ya magurudumu, na mwanzi mrefu ukaungwa kwenye usukani ili msukumaji aongoze akitembea pembeni.

Sasa kufunga. Kamba ya katani inashika vizuri lakini haivutiki, kwa hiyo mkaa ukishindiliwa na mashimo ya barabarani, gunia linapungua na kamba inabaki imelegea. Ya manila fundo lake huteleza. Mimi sijaona kinachoushinda mpira wa tyubu ya gari uliokatwa kwa kuzungusha, upana wa vidole viwili au vitatu, ukatoka mkanda mmoja mrefu. Mzigo ukisinyaa, mpira unaufuata.

Anzia chini, kwenye mguu wa keria. Vuta mpira kwanza, urefuke haswa, ndipo uupitishe juu ya mzigo kwa mshazari na kuushusha hadi kwenye mguu wa upande wa pili. Rudi kwa mshazari mwingine ili mikanda ikatane juu. Wengi huzungusha moja kwa moja tu, kushoto kwenda kulia. Hapo mzigo haurukiruki, lakini ukifunga breki unakuja mgongoni. Ukimaliza, upige kofi. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, umefunga. Mzigo ukitikisika peke yake, fungua uanze upya. Ncha iliyobaki ichomeke chini ya mikanda, maana ikiingia kwenye spoku za gurudumu linalozunguka, utaangushwa kabla hujajua kimetokea nini. Mikanda ya begi na pindo la kanga ya abiria ni hatari ileile.

Mabegi ya safari yana taabu yake. Begi moja kubwa la shangazi kaja juu ya keria linapepesuka. Afadhali vitu vigawanywe kwenye mabegi mawili yaliyounganishwa na kuning'inizwa kama shogi la punda, vizito vikiwa chini. Weka fito au kipande cha ubao kati ya begi na spoku, na kabla hujaondoka zungusha pedali kinyumenyume uone kama kisigino kinagusa.

Keria nazo hazifanani. Nyingi za alumini, kwenye baiskeli za mtumba za gia, zimeandikwa kiwango cha kilo 25, na gunia la kilo 50 ni mara mbili yake. Chuma cha Phoenix kinavumilia zaidi, kwani baiskeli za namna hiyo ziliundwa zikitarajia mzigo: Raleigh za zamani za Uingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Udhaifu wa Phoenix ni breki za fimbo, ambazo rimu ya chuma ikilowa hazishiki. Mvua ikikukuta na gunia kwenye mteremko, shuka ukokote.

Ukishakwenda kilomita moja au mbili, simama uguse mikanda yote. Mzigo hukaa sawasawa njiani, na mkanda uliokuwa umekaza nyumbani huenda sasa unapitisha mkono mzima.